Nataka kurudi jeshini, safari hii Jeshi la Anga. Nifiche goti langu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nina miaka 34 na naishi Texas, karibu na Dallas, pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka saba. Nilikuja Marekani mwaka 2014 kwa bahati nasibu ya viza, na mwaka uliofuata nikaingia Jeshi la Nchi Kavu nikiwa na grini kadi tu. Mafunzo nilifanyia Fort Leonard Wood, Missouri, nikatoka dereva wa malori, yaani 88M. Uraia niliupata nikiwa bado mafunzoni, kwa sababu ya kutumikia. Kutoka hapo nikapangiwa Fort Bliss, El Paso.

Mwisho wa 2017 kikosi chetu kilipelekwa Kuwait miezi tisa. Nilikuwa Camp Arifjan, naendesha PLS, lile lori la magurudumu kumi linalojipakia kontena lenyewe. Binti yetu alizaliwa nikiwa kule. Mke wangu alipelekwa hospitali na jirani yetu Mmeksiko, mama wa makamo ambaye hakujua Kiingereza, na mke wangu hakujua Kihispania. Mimi nilimwona mwanangu kwenye simu, picha inaganda, inarudi, inaganda tena.

Kule ndiko nilikoumia. Usiku mmoja niliruka kutoka kwenye kibanda cha lori badala ya kushuka ngazi, nikatua juu ya jiwe, goti la kulia likapinda. Nilitibiwa, nikapona nusu. Mwaka 2019 mkataba ulipoisha nilikuwa Sajenti, E-5, na nilitoka kwa heshima zote. Lakini mtihani wa mwisho wa mbio, zile maili mbili, niliuanguka kwa sababu ya goti hilo hilo. Kwenye DD-214 yangu, ile karatasi ya kutoka jeshini, mahali pa msimbo wa kurudi, wameandika 3. Idara ya maveterani, VA, imenipa asilimia 30: goti 10, mgongo 10, mlio wa masikio 10.

Sasa naendesha lori la kampuni, Dallas hadi Laredo, Dallas hadi Phoenix. Mshahara si mbaya. Lakini Mjomba, naweza kukaa siku nne sijazungumza na mtu ila yule wa kupima mizigo. Buti zangu ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Juzi nilizitoa nikazipiga brashi, sijui kwa nini, binti yangu akaniuliza, "Baba unaenda wapi?" Nilikosa jibu. Nakumbuka ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu thelathini mmepanga mstari, baridi inauma, kila mmoja anajua mwenzake ameamkaje. Sijawahi kupata kitu kama hicho tena.

Nimefikiria Jeshi la Anga. Nataka kujifunza ufundi wa ndege ili hata nikitoka niwe na kazi mkononi. Nilikwenda kuonana na mwandikishaji. Alinipokea vizuri sana. Nilipomtajia goti na pesa za VA, aliifunga kalamu yake, akasema: "Hilo tusilizungumze. Wewe ni mtu tayari. Usitaje goti, usitaje VA, baada ya wiki chache utakuwa umevaa."

Mke wangu anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nilipomwambia, hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukivaa tena, mimi na mtoto tunarudi Mombasa." Tangu siku hiyo hatujalizungumza, na ni wiki ya tano sasa. Mama naye kanipigia kutoka Likoni, "Baba, kazi ya bunduki si ulishaiacha?"

Nisaidie Mjomba. Nifanye kama alivyosema yule bwana? Hiyo 3 ndiyo imenifungia mlango? Cheo changu nitakikuta? Na nyumba yangu niishikeje?

Aliyevua buti, Texas

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Swali lako la kwanza nitalijibu kwanza, kwa sababu jibu lake ukilikosea, mengine yote hayana maana. Usifiche. Usifiche goti, usifiche asilimia za VA, usifiche hata kidonge cha maumivu ulichowahi kupewa. Yule bwana amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ana idadi ya watu anayotakiwa kuifikisha kila mwezi, na siku utakapokamatwa yeye atakuwa ameshahamishiwa mji mwingine. Sahihi kwenye fomu ni yako, na kosa litakuwa lako peke yako.

Tena utakamatwa. Tangu 2022 vituo vya MEPS, vile vya kuwapima wanaotaka kujiunga na jeshi, vinatumia mfumo wa kumbukumbu za matibabu uitwao MHS Genesis. Daktari wa MEPS anafungua kompyuta na kuona ulikotibiwa jeshini, na mara nyingi hata hospitali za kiraia na dawa ulizochukua. Wewe si kijana wa miaka 18 anayetoka kwao bila historia. Jalada lako lipo, na goti lako limeandikwa humo na madaktari wa jeshi hilo hilo. Na hata pasingekuwa na kompyuta, unakumbuka ule mtembeo wa bata? Mnachutama wote na chupi zenu, mnatembea kwa kuchutama ukumbi mzima huku daktari amepiga magoti pembeni anatazama viungo. Goti lililopinda Kuwait litamwambia mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi ambalo sidhani huyo bwana alilifikiria. Wewe uraia wako uliupata kwa kutumikia. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba raia wa namna yako anaweza kunyang'anywa uraia akitoka jeshini kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima. Wewe una minne. Ulipotoka 2019 kwa heshima hukuwa na hatari yoyote, na ukikaa ulipo huna hatari. Lakini ukiingia tena kwa udanganyifu, kisha ukafukuzwa miezi sita baadaye kwa kuandikishwa kwa hila, na wakakuandikia kutoka kusikokuwa kwa heshima, utakuwa umeiweka paspoti yako mezani. Sisemi itatokea. Nasema sheria inaruhusu, na mimi nisingecheza na jambo hilo kwa ajili ya goti ambalo pengine lingesamehewa ukilitaja.

Maana linasameheka. Hapo ndipo wengi hawaelewi. Kuwa na asilimia za VA hakumzuii mtu moja kwa moja kurudi. Daktari wa MEPS atakuandika kwamba hufai, na karatasi hiyo itakuuma ukiisoma, lakini yeye si mwamuzi wa mwisho. Jalada linapelekwa kwa madaktari wa jeshi unalotaka kuingia, nao ndio wanaotoa au kukataa weva, yaani kibali cha kusamehewa kasoro. Wanachotazama ni karatasi. Kwa hiyo kabla hujarudi kwa mwandikishaji yeyote, nenda kwa daktari wa mifupa. Upigwe MRI mpya, upewe mazoezi ya viungo uyamalize, na daktari aandike unachoweza kufanya: unakimbia umbali gani, unachuchumaa vipi, unabeba nini. Jalada lenye picha ya mwaka huu na barua ya daktari lina uzito ambao maneno ya "nimepona, afande" hayana.

Na useme ukweli mmoja kila mahali. Kuna watu wanaokwenda VA wakasema goti haliwezi hata ngazi, halafu wanakwenda MEPS wakasema goti ni zima kama la mtoto. Karatasi hizo mbili zinakutana. Kama linauma kwenye ngazi lakini unakimbia, sema hivyo pande zote mbili.

Sasa hiyo 3 yako. Toa DD-214, ile nakala ndefu yenye sehemu ya chini, namba 4. Kisanduku cha 24 kinaonyesha umetoka kwa heshima. Cha 26 kina msimbo wa kutengwa, cha 27 ndicho chenye hiyo 3, na cha 28 kinaeleza sababu kwa maneno. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, 1 maana yake mlango uko wazi, 3 maana yake mlango umerudishwa lakini haujapigwa kufuli, unahitaji weva, na 4 ndiyo iliyofungwa. Wewe una heshima kisanduku cha 24, umemaliza mkataba, na sababu ya 3 ni mbio ulizoshindwa ukiwa majeruhi. Katika 3 zote ninazoletewa, ya kwako ni nyepesi. Jua tu kwamba msimbo unaandikwa na jeshi unalotoka, lakini anayeamua kuusamehe ni jeshi unalokwenda. Ndiyo maana mtu anaweza kukataliwa mlango mmoja na kupokewa mwingine kwa karatasi ile ile.

Kama nakala umeipoteza, usimlipe mtu wa mtandaoni akutafutie. Unaiomba bure kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, kwa fomu SF-180 au kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa. Na kama ungeona msimbo umeandikwa kimakosa, kuna DD-149 ya kuiomba bodi irekebishe, ndani ya miaka mitatu tangu kugundua kosa. Hili la mwisho nawaambia wasomaji wengine zaidi kuliko wewe, maana nilivyokusoma msimbo wako hauna kosa. Nao ambao miaka minane tangu kiapo cha kwanza haijatimia wajue kwamba bado wako kwenye akiba hata kama hawavai chochote, na kuhamia jeshi jingine watahitaji ruhusa kwa fomu DD-368. Wewe miaka minane yako iliisha 2023. Uko huru.

Pesa za VA. Serikali hailipi mshahara wa jeshi na fidia ya VA kwa siku moja ile ile. Ukirudi kazi ya kudumu, fidia inasimama siku ya kwanza, na kwa asilimia 30 hiyo ni zaidi ya dola 500 kila mwezi, pamoja na ile nyongeza ya mke na mtoto ambayo huanzia kwenye 30. Ukitoka, unaomba irudishwe. Ukiingia akiba au Guard, yaani jeshi la akiba la majimbo, unaachia siku ulizolipwa tu: kwa kawaida mikusanyiko 48 na siku 15 za mafunzo, jumla 63 kwa mwaka. Kwa hiyo unakosa kama miezi miwili ya fidia na kubaki na kumi. Unajaza fomu 21-8951 ya kuachia fidia ya siku hizo. Usiponyamaza hupati tatizo. Ukinyamaza, VA watakudai miaka miwili baadaye kwa mkupuo, na hapo nyumbani patakuwa pachungu.

Umri wako si tatizo. Jeshi la Anga lilipandisha kikomo hadi miaka 42 mwezi wa Oktoba 2023. Tatizo ni nafasi. Kwa kazi ya kudumu Jeshi la Anga huchukua wachache sana waliowahi kutumikia kwingine, na mara nyingi kwa kazi maalumu wanazozipungukiwa, si lazima uitakayo wewe. Ukimsikia mtu anakuambia "wiki chache utakuwa umevaa", muulize: kwenye nafasi ipi, kazi namba ngapi, imeandikwa wapi?

Kwa hiyo mimi nakuelekeza Fort Worth. Pale kwenye uwanja wa akiba kuna kikosi cha Air National Guard ya Texas chenye ndege za mizigo za C-130. Ni mwendo mfupi kutoka kwako. Vikosi vya Guard hupenda watu waliokwisha kufundishwa. Mtu aliyeongoza malori Arifjan ni faida kwao, na mara nyingi mkuu wa karakana huketi na wewe mwenyewe kabla ya kusaini chochote. Nenda umwone. Muulize kama ana nafasi ya fundi, na uombe kutembezwa karakana. Simama chini ya bawa, usikie harufu ya mafuta yale, uone mafundi wa umri wako wanavyozungumza na wakubwa zao. Utajua kitu ambacho ofisi ya mwandikishaji haiwezi kukuonyesha.

Ufundi wa ndege wenyewe umeuchagua vizuri, na nakuunga mkono kwa moyo wote. Mafundi wengi wa Jeshi la Anga hufundishwa Sheppard, Wichita Falls, hapo hapo Texas. Na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inakubali uzoefu wa kazi hiyo: miezi 18 kwa leseni ya fremu au ya injini, 30 kwa zote mbili, kisha mitihani. Fahamu tu kwamba ni miezi ya kazi halisi, na mtu wa wikendi moja kwa mwezi huikusanya polepole, isipokuwa apate kazi ya muda wote ndani ya kikosi. Huenda ukafanya tena ASVAB, ule mtihani wa kuingia jeshini. Tafuta kitabu, kaa na sehemu ya mitambo na umeme kila jioni unapolala kwenye lori. Kwa kozi, kwa kawaida hutarudia ukuruti, kwa kuwa ulimaliza wa Nchi Kavu. Ungekuwa unakwenda Marine ingekuwa habari nyingine: wao hawamwachi yeyote, ni wiki 13 tangu mwanzo, hata uwe ulikuwa sajenti wapi.

Cheo sasa. Hapa naongea kwa kilichonipata. Mimi nilitumikia Wanamaji miaka sita, nikatoka, nikakaa mtaani miaka mitatu, kisha nikahamia Nchi Kavu. Aliyenishughulikia aliniambia kwa mdomo kwamba cheo changu kitabaki. Siku ya kiapo tuliamshwa hotelini saa tisa usiku, tukakaa kwenye viti vya plastiki hadi mchana, na karatasi ilipofika mbele yangu nilikuwa nataka kuimaliza tu. Nilisaini. Jioni, nikiwa kwenye basi, nikaisoma tena kwa taa ya juu ya kiti nikaona nimeshushwa ngazi moja. Nilifunga ile bahasha nikaiweka mapajani, na hadi tunafika sikuifungua tena. Nikapelekwa Fort Jackson kuanza ukuruti upya nikiwa na miaka 31, na mkufunzi aliyekuwa mdogo wangu kwa miaka saba alinionyesha namna ya kufunga buti. Iliniuma, mpwa wangu. Wiki mbili za kwanza nililala nimeuma meno. Baadaye nilipata cheo kile tena na kukipita, lakini mshahara wa miezi ile kumi na minne haukurudi.

Kwa hiyo cheo chako, kazi yako, kozi yako na bonasi kama ipo, viwe kwenye DD-4, yaani mkataba wa kuandikishwa, na viambatisho vyake kabla hujainua mkono. Kisichoandikwa humo hakipo. Na ujue majina yanapishana: Sajenti wako wa E-5 kwa Jeshi la Anga anaitwa Staff Sergeant, jina ambalo ulikotoka ni la E-6. Tazama namba, usitazame jina. Wanaweza kukupa E-4. Kama ni hivyo, amua ukiwa nyumbani umeshiba, usiamue kwenye kiti cha plastiki. Jambo moja la kukutuliza: kwa jedwali la mshahara wewe si mtu wa miaka minne. Miaka ile ya akiba nayo inahesabiwa, kwa hiyo unaingia kama mwenye minane. Kwa pensheni haiko hivyo; pale una minne, unahitaji kumi na sita mingine, na utafika ukiwa na 50. Aliye kazi ya kudumu huanza kulipwa siku anayostaafu. Wa Guard kwa kawaida husubiri hadi 60.

Nimemwacha mkeo mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemfikiria zaidi.

Umeniandikia habari za Kuwait kwa mistari michache: picha inaganda, inarudi. Hiyo ndiyo Kuwait yako. Yake ni nyingine. Yake ni mwanamke aliye peke yake El Paso, uchungu umeanza, hana mama, hana wifi, hana shangazi wa kumshika kiuno, amekaa kwenye gari la jirani wanayezungumza kwa mikono. Huko kwetu Pwani mwanamke akijifungua nyumba inajaa, kuna wa kumkanda, kuna wa kupika uji, kuna wa kumbeba mtoto, anakaa siku arubaini hagusi sufuria. Yeye hakupata hata siku moja ya hayo. Wewe ulirudi na medali na goti. Yeye hakuna aliyemuuliza alirudi na nini.

Basi anaposema atarudi Mombasa, mimi simsikii akikutisha. Namsikia akisema anakotaka kuwa safari nyingine atakapoachwa peke yake: kwao, penye watu. Wiki tano za kimya zinatosha. Mtafute siku asiyokuwa na zamu, simu zote mbili zikiwa mbali, na usianze na Jeshi la Anga. Anza na usiku ule wa hospitali. Mwambie akusimulie wote, tangu mwanzo, na usimkatize wala kumwambia "lakini mimi pia". Pengine hujawahi kuusikia wote.

Halafu, siku nyingine, mpelekee haya mambo kama yalivyo. Usimwambie Guard ni wikendi moja tu kwa mwezi ukaishia hapo. Ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, na pia miezi ya kozi, na pia vikosi vya C-130 hupelekwa ng'ambo. Ipo siku utaitwa. Tofauti ni kwamba mtaishi pale pale Dallas, hamtahamishwa hamishwa, bima ya afya ya Tricare mtaweza kuilipia kwa bei ambayo kampuni nyingi hazitoi, na mwajiri wako analazimika kisheria kukurudisha kazini ukitoka kwenye utumishi. Mwambie pia habari ya masomo. Haki yako ya kulipiwa masomo, GI Bill, ile miezi 36, kama hujaitumia, huwezi kumwachia binti yako ukiwa raia wa kawaida. Aliye ndani anaweza, akishatimiza miaka sita na kukubali minne mingine. Wewe ungehitaji miaka miwili kwenye kikosi ndipo uombe. Kwa mama anayefanya zamu za usiku ili mtoto asome, hilo ni jambo la kuwekwa mezani. Lakini lisiwe chambo. Mwache alipime mwenyewe.

Muulize swali moja ambalo nadhani hujawahi kumuuliza: ukipelekwa tena, yeye anataka kuwa wapi na nani awe naye? Kama jibu ni Likoni kwa mama yako, piga hesabu ya nauli na ada ya shule ya huko kabla ya kusaini. Kama jibu ni dada yake aje Texas, viza inachukua muda, anzeni sasa. Na kama baada ya yote hayo atasema hapana, mpwa wangu, basi sina weva ya kukupa. Mimi kwa upande wangu nisingeivaa kombati juu ya hapana ya mke aliyezaa peke yake nikiwa nimeivaa.

Kisha kuna wewe na ile mistari ya saa kumi na mbili na nusu. Umenieleza upweke kwa uwazi kuliko ulivyoeleza ndege, na nimeliona. Siku nne bila kuzungumza na mtu si maisha ya binadamu, uwe na sare au usiwe nayo. Kibali cha goti kinaweza kuchukua miezi, na kinaweza kukataliwa. Katika miezi hiyo usikae peke yako kwenye kibanda cha lori ukisubiri simu. Omba kampuni yako njia za karibu hata kama malipo yanapungua kidogo, ulale nyumbani. Dallas imejaa watu wa kwetu. Tafuta wanaokutana wikendi, na kama kuna wakongwe miongoni mwao, kaa nao. Na zikikuzidi usiku, piga 988 kisha ubonyeze 1, wapo watu wa kuzungumza na wakongwe saa zote. Nakuandikia hili kwa sababu nimezika rafiki ambaye hakuna aliyemwandikia.

Kwa hiyo wiki hii nataka mambo mawili tu. Weka miadi na daktari wa mifupa, na umkumbatie mkeo umwombe hadithi ya usiku ule. Fort Worth itakungoja mwezi ujao. Kwa yule mwandikishaji usirudi. Yupo mwingine, na wa kwanza kumuuliza ni yule atakayetaka kuiona DD-214 yako kabla hajakupa kiti.

Mama wa Likoni mpigie Ijumaa. Mwambie bado hujaenda popote, na kwamba ukienda atakuwa wa kwanza kujua baada ya mkeo. Na MRI ikitoka, niandikie walichokiona.

Mjomba wako